Kiti cha Daktari Mpya

Jina alilopewa na baba yake liliishia mlangoni mwa wodi ya upasuaji ya wanaume, siku ya kwanza tu ya kuripoti kazini. Mhudumu aliyekuwa akipiga deki aliinua kichwa, akamkagua kuanzia viatu mpaka kola ya koti jeupe, kisha akapaza sauti kuelekea ndani: "Mpya kafika!" Basi ikawa hivyo. Mpya, lete faili. Mpya, katoe damu kitanda cha dirishani. Mpya, nani kakwambia uweke mkoba hapo? Binti wa watu alikuwa amesoma mpaka macho yakadai miwani, amefaulu, amekula kiapo, mama yake amelia machozi ya furaha mbele za watu. Sasa alikuwa Mpya, kama sufuria ya dukani.

Chumba cha madaktari kilikuwa nyuma ya wodi, chembamba, kina meza moja na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa bandeji. Viti vilikuwapo, na kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Alipotaka kukaa hiki aliambiwa ni cha fulani. Alipojaribu kile aliambiwa mwenyewe kaenda kunawa, anarudi sasa hivi. Akatundika koti lake kwenye komeo la dirisha, akawa anaandikia kwenye ukingo wa dirisha hilo hilo akiwa wima, na mkate wake anaula akiwa wima, huku watu wazima na elimu zao wamekaa wakimtazama. Hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Mpya hakulalamika, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alikuwa na adabu iliyopitiliza tangu utotoni. Mama yake mdogo, fundi cherehani wa sare za shule ambaye ndiye aliyempa chumba cha kulala mjini, hakuacha kumtania: "Wewe mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayemwomba samahani." Familia nzima ilicheka. Mpya naye alicheka, akidhani ni sifa.

Mkubwa wa wodi alikuwa Bingwa, daktari bingwa wa upasuaji, mtu wa sauti ndogo asiyependa kurudia neno. Chini yake alikuwa Tai, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata siku za joto la kuyeyusha mafuta ya nywele. Tai ndiye aliyeendesha wodi, au tuseme ndiye aliyelipwa kuiendesha, maana mchana ukigeuka tu alikuwa keshavuka barabara kwenda kwenye kliniki yake binafsi iliyotazamana na geti la hospitali. Kila mtu alijua. Kila mtu alijitia hamnazo. Na chini kabisa, hatua moja juu ya Mpya, alikuwa kijana aliyetangulia kufika miezi michache tu, ambaye kwa dhihaka walimwita Mkongwe.

Mtu wa kwanza kumtendea Mpya kiungwana katika jengo lile alikuwa mgonjwa. Ni fundi viatu wa kitanda cha karibu na mlango, mzee aliyelazwa kwa ngiri: kipande cha utumbo kilikuwa kikipenya kwenye nyama za kinena na kutokeza uvimbe, naye akisubiri kupasuliwa ili kirudishwe ndani na njia izibwe. Siku ya raundi ya kwanza, madaktari wote wameinamia tumbo lake, yeye alikuwa anatazama sakafuni.

"Dokta," akamwambia Mpya, "kiatu chako cha kulia kinacheka."

Kweli kilikuwa kinacheka, soli imeachia mdomo wazi. Kesho yake mkewe alimletea sindano nene na uzi uliopakwa nta, kavificha ndani ya taulo, na mzee akakishona kiatu pale pale kitandani, Mpya amesimama kwa mguu mmoja akiangalia mlangoni asije akafumaniwa na muuguzi.

"Nikupe nini, mzee wangu?"

"Nitoe hapa mzima, basi. Kazi yangu ni ya kuinama. Kutwa niko kwenye kigoda, kiatu nimekibana hapa." Akajipiga kidogo mapajani na tumboni. "Ukinirudisha kwenye kigoda changu hatudaiani."

"Utarudi," Mpya akasema, na alisema kwa moyo wote.

Siku ya upasuaji ikafika. Mtu anayepasuliwa hali wala hanywi kitu tangu jana yake, na wa kutoa agizo hilo kwa mgonjwa huyu alikuwa Tai. Hakulitoa. Alikuwa na haraka ya kuvuka barabara. Asubuhi mke wa fundi akaja na chupa ya chai na mkate, mzee akanywa kwa raha zake, na walipomfikisha mlangoni mwa thieta daktari wa usingizi akamuuliza amekula nini, akasikia, akamrudisha wodini. Zamu yake ikasogezwa mbele.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha asubuhi. Kabla hakijaanza, Mkongwe alimvuta Mpya mkono, akampeleka pembeni ya kabati.

"Sikiliza, dada. Bingwa akiuliza habari ya ile chai, simama useme ni wewe."

"Mimi? Mimi jana yake nilishinda maabara. Hata sikujua zamu yake ni lini."

"Najua. Hapa kosa ni la aliyefika mwisho, ndiyo desturi. Mimi nimebeba sindano zilizopotea, nimebeba faili zilizolowa, nimebeba na bomba lililopasuka, na mabomba yenyewe sijui hata yanapita wapi. Unasimama, unasema samahani, bado mgeni, wanacheka, yameisha. Mgeni hafukuzwi. Akija mwingine unapumzika."

"Na mwenye kosa?"

Mkongwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto mvua inatoka wapi. "Mwenye kosa anaendelea na kazi," akasema.

Kikaoni Bingwa aliuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Nani aliyemwacha mgonjwa wangu anywe chai?" Tai alikuwa anafuta miwani. Watu wote waligeuza shingo kumtazama Mpya, taratibu, bila ubaya wowote usoni, kama wanaosubiri maji yachemke. Naye akasimama. "Ni mimi, daktari. Samahani. Bado mgeni." Wakacheka, kicheko cha upole kabisa. Bingwa akasema, "Atajifunza." Na Tai, Tai mwenyewe, akavuta kiti kutoka pembeni, akampangusia vumbi kwa mkono wake. "Kaa, mwenzetu."

Kiti! Jamani, binadamu tunanunulika kwa vitu vya ajabu. Kilikuwa kiti cha plastiki chenye ufa mgongoni, na Mpya alikikalia moyo ukimdunda kwa furaha. Mchana mke wa fundi alipokuja juu kuuliza kwa nini mumewe karudishwa, Tai alimnyooshea kidole cha shahada: "Muulizeni huyo." Mpya, aliyekwisha kuzoea, akalirudia mbele ya yule mama. Ni yeye. Alisahau. Samahani sana. Mama wa watu akamtazama kwa muda, akashusha pumzi. "Kusahau kupo, mwanangu," akasema. Akamsamehe kosa ambalo hakulifanya.

Jioni alimsimulia mama mdogo habari ya kiti. Mama mdogo alikuwa amebana pini mdomoni, anapinda marinda ya sketi. Akasimamisha cherehani. Akatoa pini moja moja.

"Wamekupa kiti kwa kosa la mtu mwingine?"

"Ni desturi tu, mama. Wote wamepitia."

"Na ukija kukosea kweli watakupa nini, kitanda?" Akaizungusha tena cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. "Hebu toka hapo kwenye mwanga wangu."

Haukupita muda, alasiri moja wakati wa kuona wagonjwa, fundi viatu alianza kutapika. Mpya alifunua shuka. Uvimbe uliokuwa laini, wa kurudi ndani ukisukumwa, ulikuwa umekaza kama ngumi, ngozi juu yake imewiva, na alipougusa kwa ncha za vidole mzee alipiga ukelele. Hakuhitaji kitabu. Utumbo umenaswa, umekabwa, damu haipiti. Mtu huyu ni wa kupasuliwa saa hiyo hiyo, la sivyo utumbo utakufa ndani yake.

Akampigia simu Tai. "Mtundikie dripu, nakuja," Tai akasema, na nyuma yake ikasikika sauti ya mhudumu wa kliniki akimwita mgonjwa mwingine aingie. Mpya alitundika dripu, akaandaa damu, akawaambia watu wa thieta wakae tayari. Tai hakuja. Alipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Bingwa, jambo ambalo mgeni haruhusiwi, na katibu wake akamjibu kuwa mkubwa anafundisha chuoni, apitie kwa Tai. Apitie kwa Tai! Mpya alimtazama mzee aliyekuwa ameng'ata kona ya mto, akatoka mbio.

Alipita veranda ya wodi, akapita katikati ya wageni na vikapu vyao, akatoka getini, akavuka barabara huku magari yakimpigia honi na madereva wakimtukana. Kiatu cha kushoto kilimtoka katikati ya njia. Cha kulia, kile alichoshonewa, kilishika. Aliingia kliniki na kiatu kimoja.

Kulikuwa na feni na makochi, na watu wamepanga foleni. Tai alitoka chumbani kwake akamshika mkono na kumsogeza ukutani, anatabasamu kwa ajili ya wateja. "Umekuja huku na koti la hospitali? Una akili wewe?"

"Utumbo umekabwa. Anakufa."

"Rudi. Nakuja."

Alikuja baada ya kuimaliza foleni yake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya jengo la maabara. Ndani ya thieta Mpya ndiye aliyeshikilia kingo za kidonda wakati tumbo linafunguliwa, kwa hiyo aliona kwa macho yake: kipande cha utumbo cheusi, kimekufa, hakina la kuokoa. Tai alikikata, akatoa ncha ya utumbo uliobaki hai nje ya ngozi ya tumbo na kuishikizia mfuko wa plastiki, ili choo kipitie humo. Alifanya kazi nzuri, lazima isemwe. Mikono yake ilikuwa hodari, na hilo ndilo lililomchoma Mpya kuliko yote. Mikono ile ile ingekuja mapema, mzee angekuwa anakwenda nyumbani.

Kwenye korido, akivua glavu, Tai alizungumza kama anayepanga ratiba. "Kesho kikaoni utasema ulichelewa kugundua. Ulipogundua ukaniita, nikaja. Wewe mgeni, kwako halina uzito. Kwangu litakuwa na uzito, unanielewa? Na mimi ndiye nitakayemwambia Bingwa kama unafaa kubaki hapa."

Mpya alishikwa na hasira. Ilikuwa hasira mpya ambayo hakuijua, na aliiogopa.

Asubuhi alipitia kwanza kitandani kwa mzee ili amfunge upya kidonda. Mkewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, maana viti vya wageni havikuwapo. Akainuka, akasimama kati ya Mpya na kitanda.

"Usimguse."

"Mama, mimi nataka tu..."

"Nimesema usimguse! Chai ulisahau, nikasema mtoto, atajifunza. Kumbe unajifunzia kwa mume wangu. Yule daktari mwenye tai kaniambia yote. Alikuta umemwacha mpaka utumbo umeoza." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Na nilikuona kwa macho yangu. Mume wangu anapiga kelele, wewe unakimbia. Ulitoroka!"

Fundi viatu alikuwa macho. Alikuwa akiutazama mfuko uliobandikwa tumboni mwake, pale pale anapobania kiatu. "Nitakaaje kwenye kigoda na hiki kitu?" akauliza, hakumwuliza mtu.

Mpya alikwenda kikaoni damu ikimchemka. Bingwa alipouliza kilichompata mgonjwa wa mlangoni, shingo zilimgeukia kama kawaida. Mkongwe alimkonyeza kumtia moyo. Mpya akasimama, akasema yote: uvimbe, simu, simu iliyozimwa, katibu, barabara, kliniki, foleni. Alisema kwa sauti iliyotetemeka na haikuwa sauti nzuri, lakini hakuacha kitu.

Tai alikuwa anafuta miwani.

"Na ile chai?" Bingwa akauliza polepole. "Ile nayo haikuwa wewe?"

"Haikuwa mimi."

"Lakini ulisimama hapo hapo ukaniambia ni wewe."

"Niliambiwa ndiyo desturi."

"Basi ulinidanganya. Kama si siku ile, leo." Bingwa aliegemea nyuma. "Sasa nikuamini siku ipi? Sote tumebeba, binti. Mimi nilibeba ya wakubwa wangu mpaka mabega yakaota sugu, na nimekuwa mtu. Kaa chini, twende raundi."

Hebu fikirini. Mtu amefundishwa kusema uongo na chumba kizima, amechekewa kwa uongo huo, amepewa kiti kwa uongo huo, na siku anaposema kweli anaulizwa kwa nini alidanganya. Na anayeuliza anajua! Anajua tangu enzi zake! Mpya alihisi anataka kupiga kelele, kuvunja kitu, kuivuta ile tai mpaka ilie. Alimgeukia Mkongwe. Mkongwe alikuwa anakagua kucha zake.

Hakukaa. Alikishika kile kiti cha plastiki kwa mgongo wake wenye ufa, akakibeba, akatoka nacho mlangoni.

Raundi huanzia upande wa madirishani, kwa hiyo alikuwa na muda. Alikiweka kiti kando ya kitanda cha fundi viatu. Mkewe alikitazama, hakukikalia.

"Mama, nina maneno machache, kisha unifukuze ukitaka. Ile chai haikuwa mimi. Nilisema ni mimi kwa sababu nilitaka wanipende. Hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa, maana sasa hakuna anayeniamini. Lakini jana sikutoroka."

"Nilikuona ukikimbia."

"Uliniona nikikimbia kwenda wapi?"

Mama aligeuka kuangalia mlangoni. Alifikiri. "Nilikutazama toka verandani, ukavuka barabara," akasema. "Kiatu kikakutoka, hukurudi kukiokota."

"Nilikwenda kumwita. Nilimpigia simu akaizima. Yuko ng'ambo pale kila siku mchana, kwenye kliniki yake. Aliniambia anakuja, akamaliza kwanza wagonjwa wake wa kule."

Mzee aligeuza kichwa juu ya mto kwa shida, akaangalia sakafuni, kwenye miguu ya Mpya. Alikuwa amevaa malapa aliyoazima kwa mhudumu.

"Kile nilichokushonea je?" akauliza.

"Kilishika, mzee wangu."

Mzee akafumba macho. Mkewe aliivuta ndoo kwa mguu, akaisukumia chini ya kitanda. Kisha akakaa kwenye kiti, mgongo wima, mikono magotini, akaanza kuingoja raundi.

Ikafika. Bingwa mbele, Tai pembeni yake, Mkongwe na faili nyuma, na wauguzi. Mpya alikuwa tayari amesimama upande wa pili wa kitanda, na hakuna aliyemwambia aondoke. Tai alisafisha koo. "Huyu anaendelea vizuri. Dharura ya jana, iligunduliwa kwa kuchelewa kidogo, tukaingia thieta, tukaokoa maisha."

"Daktari," mke wa fundi akasema. Hakusimama, na hakupaza sauti. "Mume wangu alipoanza kutapika, wewe ulikuwa wapi?"

Tai alitabasamu. "Mama, mambo haya ni ya kitaalamu kidogo..."

"Sijauliza utaalamu. Nimeuliza ulikuwa wapi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinuka kwenye viwiko. Mhudumu aliacha kupiga deki. Tai alimtazama Bingwa, Bingwa akatazama faili. Kisha wote, Tai, Mkongwe, wauguzi, na mwisho Bingwa mwenyewe, wakageuza shingo taratibu kumtazama Mpya.

Neno lilimjia mdomoni lenyewe. Alilizoea tangu mtoto, lilikuwa hapo hapo nyuma ya meno, jepesi, tayari: samahani. Wangecheka kidogo. Raundi ingesonga kitanda cha pili.

Mpya alilimeza, akafunga mdomo. Akageuza shingo naye, taratibu kama wao, akamtazama Tai.

"Tunasubiri, daktari," akasema mke wa fundi, na akaketi vizuri zaidi kwenye kiti.